Unataka Kumpa Ndugu Yako Figo? Vipimo Utakavyopitia, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yale yale. Naanzia wapi kupimwa? Mimi ni kundi O na yeye ni A, itawezekana? Nina miaka 52, nimechelewa? Nikitoa figo nitaweza kuzaa tena? Kwenye mabenchi ya kliniki za figo, mgonjwa akiwa ndani kwenye mashine ya kusafisha damu, ndugu waliomsindikiza huulizana haya kwa sauti ya chini, na majibu wanayopeana mara nyingi si sahihi. Mwongozo huu ni wako wewe unayefikiria kujitolea. Ukifika mbele ya daktari, ujue unakwenda kupimwa nini, kwa nini, na wapi watu wengi hujikwaa.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu mwanzo: vipimo hivi vipo kwa ajili ya kukulinda wewe. Ndugu yako anajulikana ni mgonjwa. Wewe unaingia hospitalini ukiwa mzima, na timu ya madaktari inapaswa kuhakikisha unatoka mzima na unaendelea hivyo miaka 20 au 30 ijayo. Ndiyo maana maswali ni mengi, na ndiyo maana wanaojitokeza ni wengi kuliko wanaopita.

Kwa Tanzania, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata 2018. Kabla ya hapo wagonjwa wetu walikuwa wakipelekwa India. Kwa Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, na ya Moi, Eldoret. Mpangilio nitakaoutoa unafanana kwa sehemu kubwa kote huko. Hospitali yako ikitanguliza kipimo fulani, fuata utaratibu wao.

Andaa haya kwanza

- Jina la ugonjwa ulioharibu figo za ndugu yako. Wengi hufika wakijua tu kwamba "figo zimefeli". Kama chanzo ni presha au kisukari, hilo linakuhusu kwa sababu mna damu moja. Kama ni ugonjwa wa kurithi, kwa mfano ule wa figo kujaa vifuko vya maji, linakuhusu zaidi: mtoto wa mzazi mwenye ugonjwa huo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi.
- Kundi la damu la mgonjwa kwa maandishi, pamoja na historia yake ya kuongezewa damu, na kama ni mwanamke, idadi ya mimba, zikiwemo zilizoharibika.
- Kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa, chako na cha mgonjwa. Linganisha majina herufi kwa herufi. Kama yeye ni "Mohamed" na cheti chako kinasema baba ni "Muhammad Ally", shughulikia kiapo kwa wakili mapema. Familia hukwama kwa wiki nyingi kwa herufi mbili tu.
- Orodha ya kila dawa unayotumia, zikiwemo za maumivu unazonunua dukani na za mitishamba.
- Nauli, mahali pa kufikia na ruhusa kazini. Vipimo haviishi kwa siku moja. Ofisi ya bima iulizeni kwa maandishi ni vipimo gani vya mtoaji inalipia na vipi mtalipa wenyewe, kwa sababu bima ya mgonjwa si lazima ikuhudumie wewe.
- Mtu mmoja wa familia wa kushika faili na kufuatilia majibu. Asiwe mgonjwa, na ikiwezekana asiwe wewe.

Umri: chini ya miaka 18 hukubaliwi, hakuna mjadala. Kwa upande wa juu, mtu wa miaka 55 au 60 mwenye figo nzuri na presha tulivu anaweza kupimwa, kwa hiyo usijikatae mwenyewe kabla ya daktari.

Hatua ya 1: Amua ukiwa peke yako

Kabla ya sindano yoyote, omba kuongea na daktari au ofisa ustawi wa jamii bila ndugu kuwepo.

Najua mambo yanavyokwenda nyumbani. Kikao cha familia kinaitishwa, mjomba anafungua kwa dua, na kabla chai haijaisha macho yote yamemwelekea mtu mmoja. Mara nyingi ni yule asiye na ajira, au binti ambaye hajaolewa, au mdogo aliyesomeshwa na mgonjwa. Hakuna aliyemlazimisha kwa maneno, lakini naye hana pa kusemea hapana. Kama mtu huyo ni wewe, mwambie daktari. Una haki ya kujitoa wakati wowote, hata asubuhi ya upasuaji. Madaktari wa figo wamelizoea hili. Watawaambia ndugu kwamba hukufaa kitabibu, na hawatataja sababu.

Uliza pia hatari zake bila aibu. Takwimu za Marekani za 2013 hadi 2022 zinaonyesha kwamba watoaji wanaofariki ndani ya siku 90 za upasuaji ni kama 1 katika kila 10,000. Figo inayobaki hukua kidogo na kuongeza kazi, na uwezo wako wote hutulia kwenye asilimia 60 hadi 70 hivi ya ule wa awali. Hatari ya kuja kushindwa figo baadaye ni ndogo, ila ni kubwa kidogo kuliko kama ungebaki na figo zote mbili. Mwanamke anaweza kuzaa baada ya kutoa figo, lakini uwezekano wa kupata presha ya ujauzito na kifafa cha mimba unaongezeka. Kama bado unapanga kuzaa, lizungumze sasa na mwenzi wako awepo.

Hatua ya 2: Kundi la damu

Hiki ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachowatoa watu wengi mapema, kwa hiyo kianze.

Kundi O humpa yeyote. A humpa A na AB. B humpa B na AB. AB humpa AB peke yake. Ukigeuza upande wa mgonjwa: mwenye O hupokea kutoka kwa O tu, na hapo ndipo familia nyingi huumia, maana ndugu wanne wanaweza kujitokeza na asipatikane hata mmoja wa kundi hilo. Alama ya chanya au hasi inayoandikwa baada ya kundi haina uzito kwenye figo. Mtu wa O chanya anaweza kumpa mwenye A hasi.

Tahadhari: usitegemee kadi ya zamani ya shule au ya kliniki ya wajawazito. Pima upya.

Tahadhari nyingine, na hii wachache huijua: kama una nia ya kutoa figo, usijitolee damu iende moja kwa moja kwa mgonjwa huyo huyo. Mwili wake unaweza kutengeneza kingamwili, yaani silaha za kinga ya mwili, dhidi ya tishu zako, na siku ya kupima kama mnaendana ukaikataa figo yako. Achangie ndugu mwingine ambaye hayumo kwenye mpango.

Hatua ya 3: Presha, uzito, sukari na mkojo

Haya ni mambo ya asubuhi moja na huweza kufanyika hata kwenye hospitali ya wilaya kabla ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam au Dodoma. Nawashauri sana walioko mikoani waanze hivyo. Inauma kuona mtu ametoka Kigoma kwa mkopo, akarudishwa kwa presha ambayo ingeonekana zahanati ya kijijini kwao.

Presha ipimwe siku tofauti, zisipungue mbili au tatu. Kaa kwenye kiti dakika tano, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani, umeshakwenda haja ndogo, na hujanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. Lengo ni chini ya 140/90. Ikiyumba, hospitali kubwa zina mashine ya kuvaa mkononi kwa saa 24, inayojipima yenyewe hata ukiwa umelala.

Uzito hupimwa pamoja na urefu. Kipimo cha uwiano wa uzito na urefu kikifika 30 utaambiwa upungue kwanza, na kikifika 35 hospitali nyingi hukataa.

Sukari huanza na ile ya kufunga: saa 8 bila chakula, maji matupu tu. Ikiwa 7.0 (milimoli kwa lita) au zaidi, na ikirudiwa ikabaki hapo, hicho ni kisukari na safari inaishia hapo. Kama nyumbani kwenu kuna kisukari, utapewa na kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi, ukae saa mbili, upimwe tena. Chini ya 7.8 ni salama. Kuanzia 11.1 ni kisukari. Katikati ya hapo madaktari hujadiliana, na kijana wa miaka 25 ambaye mama yake ana kisukari anaweza kukataliwa wakati mzee wa miaka 58 mwenye namba ile ile akakubaliwa. Watu huliona hilo kama uonevu. Lina mantiki: kijana ana miaka mingi zaidi mbele yake ya kuishi na figo moja, na kisukari kinaweza kumkuta njiani.

Mkojo huangaliwa protini, damu, sukari na wadudu. Mwanamke asipime akiwa hedhini wala siku mbili tatu baada yake. Usipime ukitoka kukimbia au kubeba mizigo mizito. Na kama umekulia Kanda ya Ziwa, Pemba au popote penye mabwawa na mashamba ya mpunga, mwambie daktari, kwa sababu damu kwenye mkojo inaweza kuwa kichocho cha zamani. Hicho hutibika, kisha unapimwa upya.

Hatua ya 4: Damu ya figo na ultrasaundi

Kreatinini ni taka inayotokana na misuli, na figo ndizo zinazoitoa. Maabara hutumia namba hiyo, umri na jinsia yako kukadiria kasi ya figo kuchuja. Kasi ya mililita 90 kwa dakika na kuendelea ni nzuri kwa kutoa figo. Chini ya 60, hapana. Kati ya hapo huamuliwa mtu kwa mtu, umri wako ukiangaliwa.

Siku mbili kabla ya kipimo hiki acha kula nyama nyingi. Ukitoka kwenye sherehe umekula nyama choma, kreatinini itapanda bila figo kuwa na tatizo. Wanaonyanyua vyuma na kutumia unga wa kujenga misuli wauache mapema na waseme. Diklofenaki na ibuprofeni ziache tangu siku ulipoamua kupimwa. Kwa maumivu ya kawaida muulize daktari akupe kitu kingine.

Ultrasaundi huonyesha kwanza jambo la msingi kabisa, kwamba una figo mbili. Wapo wanaozaliwa na moja na wakaishi hadi uzeeni bila kujua. Huangalia pia ukubwa, mawe na vifuko vya maji. Kama mgonjwa wenu ana ule ugonjwa wa vifuko wa kurithi na wewe bado kijana, ultrasaundi safi haitoshi kukuondolea shaka, kwa sababu vifuko huchelewa kuonekana. Omba ufafanuzi wa kipimo cha kina zaidi.

Hatua ya 5: Mkojo wa saa 24

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndicho kipimo kinachoharibiwa na watu wengi, na kikiharibika kinarudiwa.

Maabara itakupa dumu. Usibadilishe kwa chupa ya juisi uliyosuuza nyumbani. Mabaki ya sukari na sabuni huvuruga majibu. Chagua siku ambayo hutatoka, Jumapili kwa mfano. Kisha:

a) Amka, tuseme saa 12 asubuhi, ukojoe chooni kama kawaida. Mkojo huu wa kwanza unamwagwa. Andika saa hiyo kwenye dumu.

b) Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye dumu, mchana na usiku. Kinga kwa kikombe safi chenye mdomo mpana kisha umimine. Ukienda haja kubwa, kojoa kwanza kwenye kikombe.

c) Dumu likae mahali pa baridi. Kama una friji, liweke ndani ya mfuko mweusi. Kama huna, liweke kwenye beseni la maji kivulini, mbali na jiko.

d) Kesho yake saa 12 ile ile kojoa mara ya mwisho na umimine ndani, hata kama hukubanwa. Funga, andika saa, peleka maabara asubuhi hiyo hiyo. Mara nyingi watakuchukua na damu.

Kunywa maji kama siku zote. Wapo wanaojijaza maji wakidhani mkojo mwingi ni figo nzuri, na haisaidii kitu. Makosa makubwa ni mawili: kuweka ule wa kwanza wa asubuhi, na kusahau mmoja, kisha kukaa kimya. Maabara huweza kugundua kwa kiasi cha kreatinini kilichomo kwamba mkojo haukukamilika. Ukikosea, mwaga, omba dumu jingine, anza upya.

Protini ndani yake ndiyo inayotazamwa sana. Albumini, ambayo ni aina ya protini, ikiwa chini ya miligramu 30 kwa siku ni sawa. Ikizidi 100 utakataliwa. Baadhi ya hospitali, badala ya mkojo au pamoja nao, hutumia kipimo cha dawa ya nyuklia kinachoonyesha kila figo inachuja kiasi gani.

Hatua ya 6: Maambukizi na magonjwa ya damu

Virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende, kifua kikuu na malaria. Utapata ushauri nasaha kabla, na majibu ni yako wewe. Muulize muuguzi mapema nani atayaona, na useme wazi kwamba hutaki yasomwe mbele ya ndugu. Siko seli nayo hupimwa. Mwenye ugonjwa wenyewe hatoi figo. Aliyeurithi upande mmoja tu atachunguzwa zaidi. Kama hujawahi kuchanjwa homa ya ini B na huna maambukizi, hii ni nafasi nzuri ya kuanza chanjo.

Hatua ya 7: HLA na krosimachi

Vipimo hivi ni ghali, na ndiyo sababu nimevisogeza huku, baada ya vile vya bei ndogo. Ila kama mgonjwa ameongezewa damu mara nyingi, au ni mama aliyezaa mara kadhaa, waombe wavitangulize.

HLA ni alama zilizoko juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kujua nani mwenyeji na nani mgeni. Kila mtoto hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama. Kwa hiyo mzazi na mtoto hulingana nusu. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja: uwezekano wa kulingana kila kitu ni robo, wa kulingana nusu ni nusu, na wa kutolingana kabisa ni robo. Kwa dawa za siku hizi, kulingana nusu, hata pungufu ya hapo, hakuzuii upandikizaji. Watu huvunjika moyo bure kwa kusikia "mmelingana nusu".

Kinachozuia ni krosimachi. Seli zako huchanganywa na majimaji ya damu ya mgonjwa kuona kama ana kingamwili zilizo tayari kuzishambulia. Jibu hasi ndilo zuri. Jibu chanya lina maana figo yako inaweza kukataliwa mgonjwa akiwa bado kwenye meza ya upasuaji. Kingamwili hizo hutokana na damu alizoongezewa, mimba, au figo aliyowahi kupandikizwa. Ndiyo maana mume anaweza kukuta mke aliyemzalia watoto ana kingamwili dhidi yake, na mtoto akakuta hivyo hivyo kwa mama yake mzazi. Hakuna kosa la mtu hapo.

Tahadhari ambayo naiandika kwa uzito: vipimo hivi, pamoja na vya vinasaba vya kuthibitisha undugu, vinaweza kufichua kwamba baba unayemjua siye aliyekuzaa, au kwamba ninyi ni ndugu wa upande mmoja. Tanzania vipimo vya vinasaba vya binadamu vinaongozwa na sheria ya mwaka 2009, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo msimamizi. Kabla hujatoa sampuli, kaa na mshauri umuulize: likionekana jambo kama hilo mtaniambia? Mtamwambia nani mwingine? Jibu lake liandikwe kwenye faili. Kama mama yako ana jambo la kusema, mpe nafasi ya kulisema kwa faragha kabla ya maabara.

Hatua ya 8: Moyo, mapafu na saratani

ECG (kipimo cha umeme wa moyo), eko (ultrasaundi ya moyo), eksirei ya kifua. Wanawake hupimwa mlango wa kizazi, na kwa umri fulani matiti. Wanaume wa makamo hupimwa tezi dume. Kipimo cha mimba hurudiwa karibu na upasuaji. Mvutaji sigara aache sasa, si wiki ya upasuaji.

Hatua ya 9: Picha ya CT ya mishipa

Unalazwa kwenye mashine, unachomwa dawa ya rangi mkononi, unahisi joto likipanda kooni na tumboni na kuhisi kama umejikojolea. Hujajikojolea, hupita ndani ya dakika moja. Sema kabla kama una pumu au uliwahi kupata mzio wa dawa, na baada ya hapo kunywa maji ya kutosha.

Picha humwonyesha daktari kila figo ina mishipa mingapi. Wengi wetu tuna ateri moja kwa kila figo, ila mbili au tatu si ajabu, na hapo upasuaji huwa mgumu zaidi. Figo ya kushoto hupendelewa kwa kuwa vena yake ni ndefu, rahisi kuunganisha. Lakini figo zikitofautiana ubora, iliyo bora hubaki kwako. Muulize daktari wako: ni ipi mnachukua, na kwa nini?

Hatua ya 10: Mahojiano na kamati

Ofisa ustawi wa jamii na mwanasaikolojia watakuuliza unamjua mgonjwa vipi, nani anakulisha, nani atakuhudumia ukipona, umeahidiwa chochote. Jibu ukweli. Andika undugu kama ulivyo. Kama ni mtoto wa baba mdogo, andika hivyo, usiandike "kaka" kwa kuwa nyumbani mnaitana kaka. Majibu yenu yakipishana, kamati itashuku biashara. Kurudishiwa nauli na gharama halali ni sawa. Kulipwa kwa figo ni kosa, na ukikubali utabaki bila mtetezi.

Hatua ya 11: Krosimachi ya mwisho

Hurudiwa siku chache kabla ya upasuaji. Kama mgonjwa ameongezewa damu au ameugua tangu kipimo kilichopita, mwambieni daktari hata asipouliza.

Mambo yakikwama

Kundi la damu halioani. Leteni ndugu mwingine, wakiwemo wa mbali. Katika baadhi ya nchi familia mbili hubadilishana watoaji, au madaktari hutumia dawa za kupunguza kingamwili kwanza, kwa gharama kubwa. Uliza hospitali yako kama wana huduma hiyo.

Krosimachi chanya. Usikubali kuambiwa "haiwezekani" bila kuelezwa aina na nguvu ya kingamwili. Wakati huo huo mgonjwa aulize kila anapoandikiwa damu kama kuna njia nyingine ya kupandisha wingi wa damu, kwa mfano sindano za erithropoetini na madini ya chuma. Damu ikihitajika kuokoa maisha, apewe.

Protini au damu kwenye mkojo. Rudia baada ya wiki moja au mbili, bila homa, bila hedhi, bila mazoezi makali. Ikibaki, unahitaji daktari wa figo kwa ajili yako mwenyewe.

Kreatinini imepanda ghafla. Angalia dawa za maumivu, nyama, na kama ulikuwa umeishiwa maji kwa kufunga au kuharisha.

Amejitokeza dalali anayesema ana mtu. Ondokeni. Mtu huyo hapimwi kwa uangalifu huu, hana wa kumfuatilia baadaye, na ninyi mnaingia kwenye jinai pamoja naye.

Mgonjwa anakataa figo yako. Hutokea, hasa mama akipewa na mwanawe. Msimzingire. Mwombeni daktari azungumze naye peke yake, na mpeni muda. Akishikilia hapana, na yeye ana haki hiyo.

Umekataliwa. Omba nakala ya majibu yako yote na uandikiwe sababu kwa maneno unayoyaelewa. Kama ni presha, sukari au protini, omba rufaa ya kliniki siku hiyo hiyo, kabla hujarudi nyumbani.

Umekubaliwa, ila tarehe inasogezwa kila mara. Majibu ya maambukizi, mkojo na krosimachi huzeeka. Muulize mratibu kila kimoja kinaisha lini, andika tarehe hizo kwenye karatasi moja ya mbele ya faili, na ufuatilie wiki mbili kabla ya ile iliyo karibu zaidi.